Karafuu Imegeuka Bahari: Kutatua Rangi za Seli Zinazotiwa kwa Msimbo

Mfano wetu ni daftari la mapokezi ya karafuu lililo kwenye lahajedwali ya Excel, la aina ambayo kituo chochote cha Wete au Mkoani, Pemba, kingeweza kuwa nalo. Laha ni moja, kila safu mlalo ni mzigo mmoja uliopokelewa, na safu wima ni sita: tarehe, shehia, nambari ya mkulima, kilo, daraja na unyevu. Msimbo unasoma daraja kisha unapaka seli. Daraja la kwanza linapata kahawia ya karafuu iliyokauka, `6B3A1E` (namba ya heksadesimali: tarakimu mbili za nyekundu, mbili za kijani, mbili za buluu). La pili linapata rangi ya asali, `D9A066`. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanapata damu ya mzee, `800000`. Mzigo wenye unyevu unaopita asilimia 12 unatiwa chungwa jepesi, `F4B183`, ili urudishwe jamvini.

Kazi yenyewe ni ya mistari kumi. Kinachokula muda ni pale rangi inapokataa, kwa sababu mara nyingi hakuna ujumbe wowote wa hitilafu: programu inamaliza kimya, faili inafunguka, na seli ni nyeupe, au nyeusi, au buluu. Msimbo mwingi hapa ni wa Python na maktaba ya openpyxl, lakini VBA (lugha ya makro ya Excel), LibreOffice, Google Sheets na Apache POI (maktaba ya Java) vimeguswa pale vinapotofautiana.

Kwanza: rangi imo ndani ya faili au haimo?

Swali hili litangulie mengine yote, maana linaigawa kazi mara mbili. Nakili faili ya `.xlsx`, ibadilishe jina iishie `.zip`, ifungue, kisha tafuta `xl/styles.xml`. Ndani yake tafuta namba ya rangi yako. Mjazo (fill, yaani rangi inayoijaza seli) uliokamilika unaonekana hivi:

```
<patternFill patternType="solid">
  <fgColor rgb="006B3A1E"/>
</patternFill>
```

Ukikuta mistari hiyo mizima, msimbo wako umefanya kazi yake na tatizo liko kwenye kinachoifunika rangi, au seli uliyoipaka siyo ile unayoitazama. Ukikuta namba lakini `patternType="solid"` haipo, mjazo haukuwashwa. Usipokuta namba kabisa, rangi haikuhifadhiwa. Ukikuta namba iliyopinduliwa, soma sehemu inayofuata. Zile sifuri mbili za mwanzo zisikusumbue: openpyxl huziongeza yenyewe ukiipa tarakimu sita, na Excel haizijali.

Kahawia imegeuka buluu

Hii ndiyo dalili inayochanganya kuliko zote, na ina sababu mbili zisizohusiana. Bahati nzuri buluu zenyewe hazifanani, kwa hivyo jicho peke yake linatosha kujua uko wapi.

Ikiwa ni buluu iliyokoza, kama maji ya mkondo yanapokuwa marefu, umeandika heksadesimali moja kwa moja ndani ya VBA:

```
Range("E2").Interior.Color = &H6B3A1E
```

Excel haihesabu rangi kwa mpangilio wa nyekundu, kijani, buluu kama kurasa za wavuti. Inahesabu nyekundu, ongeza kijani mara 256, ongeza buluu mara 65536. Kwa hiyo tarakimu mbili za mwanzo wa heksadesimali ni za buluu, na mbili za mwisho ni za nyekundu. Kahawia yetu ina nyekundu 107, kijani 58 na buluu 30; ikisomwa kinyume inakuwa nyekundu 30 na buluu 107. Damu ya mzee nayo, `800000`, inakuwa `000080`. Andika hivi:

```
Range("E2").Interior.Color = RGB(107, 58, 30)
```

Namba inayohifadhiwa ni 1981035. Ukitaka kuhakikisha, andika `? Hex(Range("E2").Interior.Color)` kwenye dirisha la majaribio la VBA (Immediate Window). Jibu sahihi ni `1E3A6B`. Ukiona `6B3A1E`, yaani namba yako vilevile ulivyoichukua kwenye kichagua rangi, basi hiyo ndiyo iliyokosewa.

LibreOffice Calc ni kinyume cha hapo. Katika Basic yake, `CellBackColor = &H6B3A1E` ni kahawia halisi. Ndiyo maana makro iliyokuwa nzuri kwenye Excel ya ofisini inatoa rangi nyingine kwenye kompyuta ya LibreOffice, na aliyeandika anaapa kuwa hakugusa kitu. Ukitumia `RGB()` kila upande, badala ya namba iliyoandikwa mkono, unaepuka. Angalizo moja: moduli yenye `Option VBASupport 1` inaifanya `RGB()` ya LibreOffice ihesabu kama Excel, kwa hiyo usiichanganye na `CellBackColor`.

Sasa ikiwa buluu ni kali, inayong'aa, uko kwenye Python na umeweka tarakimu mbili za uwazi wa rangi upande usio wake. Kwenye wavuti tarakimu nane huandikwa rangi kwanza na uwazi mwisho: `6B3A1EFF`. openpyxl inataka uwazi mwanzo: `FF6B3A1E`. Ukiipa ile ya kwanza, inaichukua `6B` kuwa uwazi, na kinachobaki, `3A1EFF`, ndiyo rangi. `FF` ya mwisho ni buluu iliyojaa mpaka juu. Hakuna sababu ya kuandika tarakimu nane hata kidogo, sita zinatosha.

Hitilafu ya kwanza, ile ya VBA, haionekani ukijaribu kwa rangi ambayo nyekundu na buluu zake ni sawa. Kijivu `808080` kinabaki kijivu, kijani `00FF00` kinabaki kijani. Ukitaka kujaribu msimbo mpya, jaribu kwa kahawia au chungwa.

Seli nyeusi tititi

Katika openpyxl, na Apache POI vilevile, jina ndilo linalodanganya. Mtu anataka rangi ya mandharinyuma ya seli, anaona sifa inayoitwa `bgColor`, anaitumia:

```
seli.fill = PatternFill(fill_type="solid", bgColor="6B3A1E")
```

Excel inauona mjazo kama kitambaa chenye nakshi: `fgColor` ni rangi ya nakshi, `bgColor` ni ya kitambaa kilicho chini. Aina `solid` ni nakshi iliyojaa pote, haiachi hata uzi wa kitambaa kuonekana. Kwa hiyo `bgColor` imefunikwa, `fgColor` hukuitaja, na kisichotajwa kinakuwa cheusi. Sahihi ni hii:

```
kahawia = PatternFill(fill_type="solid",
                      start_color="6B3A1E",
                      end_color="6B3A1E")
seli.fill = kahawia
```

`start_color` ni jina jingine la `fgColor`, na `end_color` la `bgColor`. Kuzijaza zote mbili hakudhuru, na sababu ya kushauri hivyo utaiona kwenye umbizo la masharti (conditional formatting). Katika POI ni `setFillForegroundColor` pamoja na `setFillPattern(FillPatternType.SOLID_FOREGROUND)`, `setFillBackgroundColor` iache. Kwa wenye Java kuna na kijimwiba kingine: baiti za Java zinaishia 127, hivyo rangi ya asali yenye nyekundu 217 lazima iandikwe `(byte)217`, la sivyo msimbo haukusanyiki.

Kuna na seli zenye vidoa vya kijivu badala ya weusi. Hizo huwapata wanaoiandika XML ya faili kwa mikono yao. Mijazo miwili ya mwanzo katika `styles.xml`, nafasi 0 na nafasi 1, Excel imejiwekea: ya kwanza ni tupu, ya pili ni vidoa. Mijazo yako ianzie nafasi 2.

Hakuna rangi, na hakuna hitilafu

Sababu ni nyingi. Anza na zile zinazotokea mara kwa mara.

Umeandika `PatternFill(start_color="6B3A1E")` bila `fill_type`. Rangi imeandikwa ndani ya faili lakini mjazo haujawashwa. Huu ndio ule ukosefu wa `patternType="solid"` uliotajwa juu.

Umehifadhi kama `.csv`. Faili ya namna hiyo ni maandishi na mikato tu, haina pahala pa kuwekea rangi. Dalili yake ni kwamba rangi zilikuwepo jana, ukafunga, leo hazipo.

Umepaka safu wima nzima kwa `ws.column_dimensions["E"].fill = kahawia`. Hiyo inaziathiri seli zitakazozaliwa baadaye ndani ya Excel, siyo zile ambazo tayari zina kitu. Pita seli moja moja:

```
for safu in ws.iter_rows(min_row=2, min_col=5, max_col=5):
    for seli in safu:
        if seli.value == 1:
            seli.fill = kahawia
```

Kwenye mistari hiyo hiyo kuna mtego mwingine. Kama daraja limeingizwa kama maandishi, `"1"`, sharti `== 1` halitimii kamwe na hakuna seli itakayopakwa. Chapisha `repr(seli.value)` kwa safu mlalo tano za mwanzo. Utaona alama za kunukuu, au nafasi iliyobanana mwishoni kama `"1 "`, ambayo hutokea sana data ikitoka kwenye simu.

Umepaka seli iliyounganishwa isiyo ya kwanza. Kichwa cha laha kikiwa kimeunganishwa kutoka A1 hadi F1, rangi inayoonekana ni ya A1 tu.

Na pandas, maktaba ya Python ya majedwali ya data: `df.style` inarudisha kitu kipya, haibadilishi `df`. Ukiunda mtindo halafu ukaandika `df.to_excel(...)`, mtindo umeuacha nyuma. Lazima mnyororo uwe mmoja:

```
def rangi_unyevu(v):
    return "background-color: #F4B183" if v > 12 else ""

df.style.map(rangi_unyevu, subset=["unyevu"]).to_excel(
    "mapokezi.xlsx", engine="openpyxl", index=False)
```

Kabla ya pandas 2.1.0 jina lilikuwa `applymap`, kwa hivyo kompyuta yenye toleo la zamani italalamika kuwa `map` haipo.

Msimbo unasimama na ujumbe

Hizi ni nafuu, kwani ujumbe unasema kilichotokea.

`Colors must be aRGB hex values`: namba yako bado ina alama ya reli, `#6B3A1E`, na openpyxl haiitaki. Iondoe kwa `lstrip("#")`. XlsxWriter (maktaba nyingine ya Python), pandas na Google Apps Script (msimbo wa Google Sheets) zinatumia namba yenye alama hiyo, ndiyo maana kunakili rangi kutoka msimbo mmoja kwenda mwingine kunaleta kizaazaa.

`Style objects are immutable`: umejaribu kubadilisha rangi ndani ya mjazo uliokwisha kuwekwa, kama `seli.fill.fgColor = "800000"`. Mjazo haurekebishwi ukiwa juu ya seli. Tengeneza mpya, uuweke mzima.

`'tuple' object has no attribute 'fill'`: `ws[7]` siyo seli, ni fungu la seli zote za safu mlalo ya saba. Zizungukie.

`PermissionError`: faili iko wazi ndani ya Excel, pengine kwenye kompyuta ya mwenzio kama folda ni ya pamoja. Ifungwe kwanza.

Faili ina rangi sahihi, Excel inaonyesha nyingine

Umeangalia `styles.xml`, kila kitu kimo, na bado skrini inasema vingine. Hapo kuna kinachofunika, na karibu kila mara ni umbizo la masharti. Sharti likitimia, rangi yake inakaa juu ya rangi uliyoitia kwa msimbo, wala haiifuti. Ukiliondoa sharti, ile ya chini inajitokeza. Fungua orodha ya masharti ya laha nzima, siyo ya seli zilizochaguliwa tu, kwa kuwa masharti hunakiliwa pamoja na seli na kurundikana bila mtu kujua.

Ukitaka msimbo wenyewe ndio uweke sharti, hapa ndipo nakshi na kitambaa vinapobadilishana nafasi: ndani ya umbizo la masharti, rangi ya mjazo uliojaa ni `bgColor`. Aliyejifunza kutumia `fgColor` kwa seli anaitumia na hapa, na sharti linafanya kazi bila rangi aliyoitaka. Ndiyo sababu ya kujaza zote mbili:

```
from openpyxl.formatting.rule import CellIsRule

chungwa = PatternFill(fill_type="solid",
                      start_color="F4B183", end_color="F4B183")
ws.conditional_formatting.add(
    "F2:F2000",
    CellIsRule(operator="greaterThan", formula=["12"], fill=chungwa))
```

Kwa unyevu, hivi ndivyo ilivyo bora kuliko kupaka seli moja moja. Mzigo ulioandikwa 14 ukianikwa tena na kupimwa 11, karani atabadilisha namba, na rangi iliyotiwa kwa msimbo haitabadilika mpaka programu iendeshwe upya. Sharti linabadilika palepale. Rangi ya kutia moja kwa moja ibaki kwa mambo yasiyotegemea thamani ya seli: kichwa cha jedwali, safu ya jumla, alama ya mzigo uliohakikiwa.

Rangi inakaribia, lakini siyo yenyewe

Faili ni ya `.xls`. Muundo huo wa kabla ya Excel 2007 una paleti ya rangi 56 tu kwa kitabu kizima. Rangi isiyokuwemo inabadilishwa kwa jirani yake, na kahawia ya karafuu inaweza kuishia kwenye wekundu mzito. Kama hakuna mfumo wa zamani unaokulazimisha, hamia `.xlsx` uachane na jambo hili. Kama unalazimika, badilisha nafasi moja ya paleti. Katika xlwt, maktaba ya Python ya kuandika `.xls`:

```
kitabu = xlwt.Workbook()
xlwt.add_palette_colour("karafuu", 0x21)
kitabu.set_colour_RGB(0x21, 107, 58, 30)
mtindo = xlwt.easyxf("pattern: pattern solid, fore_colour karafuu")
```

Nafasi zinazokubalika ni 8 hadi 63. Kila seli iliyokuwa ikitumia nafasi hiyo itafuata rangi mpya, kwa hivyo chagua nafasi isiyotumika. Ndani ya VBA dalili hii humpata anayetumia `ColorIndex`, tumia `Color`.

Mtindo mpya kwa kila seli

Data ndogo inapita salama, ya msimu mzima inakwama. Katika POI ujumbe unasema mitindo imepita 64000. Chanzo ni `createCellStyle()` kuwekwa ndani ya kitanzi. Hesabu ni nyepesi: safu mlalo 11,000 kwa safu wima 6 ni mitindo 66,000, hali rangi zenyewe ni nne. Kwa `.xls` kikomo kiko karibu zaidi, mitindo 4,000 hivi. Tengeneza mitindo minne kabla ya kitanzi, kisha igawe. openpyxl inaunganisha mitindo inayofanana yenyewe, lakini hata huko kuiunda nje kunaharakisha.

Google Sheets ina tabia zake

Fomula ya kujitungia, tuseme `=PAKA(E2)`, haiwezi kubadilisha rangi ya seli; itakataliwa kwa kukosa ruhusa. Lazima iwe kazi inayoendeshwa kutoka kwenye menyu au kichochezi.

Kuita `setBackground` mara elfu mbili ndani ya kitanzi kunaburuta, na msimbo ukifika dakika 6 unakatwa katikati: nusu ya laha ina rangi, nusu haina. Kusanya rangi zote ndani ya safu ya pande mbili, uziweke kwa `setBackgrounds` mara moja. Ukubwa wake lazima ulingane na eneo. Eneo la safu mlalo 200 na wima 1 linataka orodha 200 zenye kitu kimoja kimoja.

Wanaopitia API, yaani programu ya nje inayoiagiza Sheets, wanakosea kwingine. Rangi huko ni desimali kati ya 0 na 1, siyo 0 hadi 255. Kahawia yetu ni nyekundu 0.42, kijani 0.227, buluu 0.118. Gawanya kwa 255 ndani ya msimbo wenyewe badala ya kuandika desimali mkononi. Na kwenye `fields` andika `userEnteredFormat.backgroundColor`. Ukiishia `userEnteredFormat`, umeiagiza ifute kila umbizo ambalo hukulitaja: herufi nzito, mipaka na muundo wa tarehe vyote vinaondoka.

Kusoma rangi iliyopo

Anayetaka kuhesabu mizigo kwa rangi atakutana na `seli.fill.fgColor.rgb` inayorudisha maneno `Values must be of type <class 'str'>` badala ya namba. Rangi hiyo ilichaguliwa kutoka kwenye mandhari ya Excel, na ndani ya faili haina namba, ina nafasi tu ya mandhari na kiwango cha mwanga. Angalia `fgColor.type` kwanza: `rgb`, `theme` au `indexed`. Seli isiyopakwa nayo inarudisha `00000000`, ambayo siyo nyeusi; angalia kama `fill_type` ni `None`.

Rangi ya umbizo la masharti haionekani kwa openpyxl kupitia `seli.fill`. Ndani ya VBA inapatikana kwa `Range("F2").DisplayFormat.Interior.Color`, kuanzia Excel 2010, ila siyo ndani ya fomula ya kujitungia. Njia fupi ni kulihesabu sharti lenyewe: mizigo yenye unyevu zaidi ya 12 haihitaji rangi ili ihesabike.

Rangi iko sawa, namba hazisomeki

Maandishi meusi juu ya `6B3A1E` hayaonekani, hasa kwenye simu iliyoshikwa juani pembeni mwa majamvi. Tia maandishi meupe pamoja na mjazo:

```
seli.font = Font(color="FFFFFF", bold=True)
```

Mstari huu unaiweka fonti nzima upya, hivyo aina na ukubwa wa herufi uliokuwepo unarudi kwenye chaguo-msingi. Vitaje tena ukivihitaji. Na kama karatasi itatoka kwenye printa ya wino mweusi, kahawia na damu ya mzee vitatoka vijivu vya kiza vinavyokaribiana. Kwa hiyo usiifute tarakimu ya daraja ndani ya seli kwa kudhani rangi inatosha. Makonyo yaandikwe `M`.